Je, Waya wa Spika Hubadili Sauti? Somo la Kupima Dai kwa Jaribio la Haki

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za vijijini siku hizi mna sabufa yenye spika mbili au zaidi, inayotumia umeme wa gridi au wa jua. Mwenye chombo hicho akitaka kuongeza spika, au waya uliokuja nacho ukikatika, huenda dukani. Huko hukuta nyaya nyembamba za bei nafuu na nyaya nene za bei kubwa, naye muuzaji humhakikishia kwamba waya mnene hutoa sauti safi zaidi. Akirudi nyumbani, jirani humwambia kwamba ametapeliwa, kwa kuwa waya ni waya tu. Mtoto wa nyumba hiyo huwasikia wote wawili, na kesho yake asubuhi huja shuleni kumwuliza mwalimu.

Makala haya yanakusudiwa kumsaidia mwanachuo atakayekutana na swali hilo. Hatukusudii kumpa jibu moja la kukariri, kwani tutaona kwamba muuzaji na jirani kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Twakusudia kuonyesha jinsi swali la aina hii linavyoweza kufanywa somo kamili la sayansi kwa darasa la tano au la sita, ambamo wanafunzi watapima, watahesabu na kuamua wenyewe.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi iliyoko Tindiga, katika wilaya ya Kilosa. Wilaya hiyo ndiyo yenye Chuo cha Ualimu Ilonga, na shule za vijiji vyake ni za aina ambayo mwanachuo aweza kupangiwa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Aidha, mahali kama hapo, penye mashamba ya mpunga na mahindi na nyumba zilizotawanyika, sauti ina kazi kubwa kuliko burudani. Spika iliyofungwa juu ya mti au kwenye paa la ofisi huita watu mkutanoni, hutangaza siku ya chanjo, na huweza kutoa tahadhari mto unapofurika. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha watu wengi wa Kilosa bila makazi na kuharibu reli. Basi swali la waya lina uzito wake: kamati ya shule au serikali ya kijiji ikinunua waya usiofaa, tangazo halitafika mbali, ikinunua waya wa bei kubwa pasipo haja, fedha za madaftari zimepotea.

2. Elimu anayohitaji mwalimu

Mwalimu asiingie darasani kabla ya kulielewa jambo lenyewe. Tuanze na chombo. Kikuza sauti, ambacho mafundi wengi hukiita amplifaya, husukuma na kuvuta mkondo wa umeme katika waya mara nyingi kwa sekunde. Ndani ya spika mna koili ndogo ya waya iliyo kati ya nguvu za sumaku. Mkondo unapobadilika, koili huenda mbele na nyuma, nayo hutikisa koni ya karatasi. Koni hutikisa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofika masikioni. Ni dhahiri basi kwamba ndani ya waya hamna sauti. Mna umeme tu, na kazi ya waya ni kuufikisha umeme huo kwenye spika bila kuupunguza mno.

Kila waya huuzuia umeme kwa kiasi fulani. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, nacho hupimwa kwa omu. Jina la kipimo hiki latokana na Georg Simon Ohm, ambaye alikuwa mwalimu kama sisi: alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya mji wa Köln, Ujerumani. Katika miaka ya 1825 na 1826 alichukua nyaya za urefu mbalimbali na za metali mbalimbali, akapima jinsi kila mmoja ulivyoupunguza mkondo, na mwaka 1827 akachapisha kitabu chenye kanuni tunayoitumia hadi leo. Wengi katika nchi yake hawakuijali kazi hiyo mwanzoni; heshima kubwa aliipata mwaka 1841, Royal Society ya London ilipomtunuku nishani. Yafaa wanafunzi wajue kwamba kanuni waliyoandikiwa ubaoni ilianza na mwalimu aliyepima nyaya kwa mikono yake.

Ukinzani wa waya hutegemea mambo matatu: urefu, unene na metali. Waya ukirefushwa mara mbili, ukinzani huwa mara mbili. Eneo la mkato likiongezwa mara mbili, ukinzani hupungua kwa nusu. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na eneo la mkato la milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.017 hivi. Waya wa aluminiamu wa vipimo hivyo una omu 0.028, na wa chuma karibu omu 0.1. Kwa hiyo:

ukinzani = namba ya metali × urefu ÷ eneo la mkato.

Namba zinazotajwa dukani, kama "waya wa 1.5" au "waya wa 2.5", ndizo milimita mraba za eneo la mkato. Mwanachuo akumbuke pia kwamba umeme huenda na kurudi. Spika ikiwa umbali wa mita 30, urefu wa kuhesabu ni mita 60.

Sasa tulinganishe hali mbili.

Hali ya kwanza ni ya sebuleni. Spika ya omu 8 iko mita 3 kutoka kwenye kikuza sauti, basi urefu wa kuhesabu ni mita 6. Waya wa shaba wa 0.75 una ukinzani wa 0.017 × 6 ÷ 0.75, yaani karibu omu 0.14. Waya wa 2.5 una karibu omu 0.04. Msukumo wa umeme hugawanyika kati ya waya na spika kwa uwiano wa ukinzani wao. Kwa waya wa 0.75 spika hupata 8 ÷ 8.14, yaani 0.98 ya msukumo wote. Kwa waya wa 2.5 hupata 0.995. Nguvu hufuata mraba wa msukumo, kwa hiyo spika hupata asilimia 97 ya nguvu katika hali ya kwanza na asilimia 99 katika hali ya pili. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya desibeli, na katika muziki wa kawaida hata tofauti ya desibeli 1 si rahisi kuitambua. Hapa jirani ndiye mwenye haki: fedha za ziada hazinunui kitu kinachosikika.

Hali ya pili ni ya uwanjani. Kikuza sauti kiko ofisini, na spika ya omu 8 imefungwa mita 30 mbali. Waya mwembamba wa shaba wa 0.5 una ukinzani wa 0.017 × 60 ÷ 0.5, yaani karibu omu 2. Spika hupata 8 ÷ 10, yaani 0.8 ya msukumo, na nguvu yake ni 0.8 × 0.8 = 0.64. Zaidi ya theluthi moja ya nguvu imepotea, na hilo ni kama desibeli 2, ambazo msikilizaji aweza kuzitambua. Spika ikiwa ya omu 4, hupata 4 ÷ 6 tu ya msukumo, na nguvu inayobaki haifiki hata nusu. Waya wa 2.5 kwa umbali uleule una ukinzani wa omu 0.4 tu, na spika ya omu 8 hupata asilimia 90 ya nguvu. Hapa muuzaji ndiye mwenye haki.

Kuna jambo moja zaidi. Namba 8 iliyoandikwa nyuma ya spika ni ya wastani. Kwa kweli kizuizi cha spika hubadilika kadiri noti zinavyopanda na kushuka. Kwa hiyo waya wenye ukinzani mkubwa haupunguzi noti zote kwa kiasi kimoja, na sauti huweza kubadilika tabia kidogo pamoja na kupungua ukubwa. Katika waya mfupi wa unene wa wastani, badiliko hilo ni dogo mno lisiloweza kusikika.

Mwalimu ajue pia sababu nyingine ambazo watu huzidhania kuwa ubora wa waya. Kiungo kilicholegea au chenye kutu huleta mikwaruzo na kukatika kwa sauti. Fundi akifunga waya mpya amefunga pia kiungo kipya, na sifa hupewa waya. Tena, spika zikiwa mbili na ncha za waya wa spika moja zikageuzwa, koni moja huenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi hupungua sana. Na zipo nyaya zenye rangi ya shaba kwa nje ambazo ndani ni aluminiamu. Kwarua waya kwa wembe: ukiona weupe ndani, jua kwamba ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba ya unene huohuo.

Mwisho, mwanafunzi hodari huenda akauliza: mbona matangazo katika majengo makubwa hupita katika nyaya ndefu sana bila kufifia? Mafundi wa mitambo hiyo hutumia transfoma kuinua msukumo hadi volti 70 au 100, ili nguvu ileile ipite kwa mkondo mdogo, kisha kila spika huushusha kwa transfoma yake. Ndiyo kanuni ya nguzo kubwa za umeme. Umeme unaozalishwa Kidatu, kusini mwa Mikumi, husafirishwa kwa volti 220,000 ili usipotelee njiani. Waya wa spika na njia kuu ya umeme ni somo moja.

3. Madhumuni ya somo

Mwisho wa vipindi vitatu, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwamba ukinzani wa waya hutegemea urefu, unene na metali;
(b) kufanya jaribio la haki, yaani kubadili jambo moja na kuacha mengine yote kama yalivyo;
(c) kuonyesha kwa nini msikilizaji hapaswi kujua ni waya gani unaosikilizwa;
(d) kushauri, kwa kutoa sababu, ni waya upi ununuliwe kwa kazi fulani.

4. Vifaa

Kwa kipindi cha kwanza: betri mbili za tochi, balbu ya tochi ya zamani yenye uzi ndani (volti 2.5, ampea 0.3), waya mfupi wa shaba, na mita 20 za waya wa kufungia nondo. Balbu hiyo ikiwaka ina ukinzani wa karibu omu 8, sawa na spika ya kawaida. Kwa hiyo ni mfano mzuri wa spika unaoonekana kwa macho. Tochi za kisasa za LED hazifai kwa jaribio hili, maana hazifuati kanuni ileile ya kuwaka.

Kwa kipindi cha pili na cha tatu: kikuza sauti kidogo cha betri ya volti 12, spika moja, wimbo au hotuba iliyorekodiwa, mita 30 za waya wa jozi wa 0.5, vipande viwili vya mita 3 (kimoja cha 0.75 na kimoja cha 2.5), blanketi la kuziba, sarafu, na karatasi. Nyaya zaweza kuazimwa kwa fundi wa kijijini na kurudishwa zikiwa nzima, mradi zisikatwe.

Tahadhari: kisitumike chombo kilichounganishwa na umeme wa ukutani. Kikuza sauti kizimwe kila mara kabla ya kubadilisha waya, na ncha mbili za waya zisigusane, kwani kikuza sauti huweza kuungua.

5. Hatua za somo

Kipindi cha kwanza: waya na mwanga

Mwalimu aandike ubaoni madai mawili: "Waya mnene hutoa sauti bora" na "Waya ni waya tu". Wanafunzi wapige kura kwa siri, na hesabu ibaki ubaoni hadi mwisho wa kipindi cha tatu. Mwalimu asiseme yeye yuko upande gani.

Kisha watoke uwanjani. Balbu iwashwe kwanza kwa waya mfupi wa shaba. Halafu waya wa kufungia nondo utandazwe juu ya vijiti vikavu bila kujigusa, nao uingizwe katika mzunguko. Waya huo ukiwa na kipenyo cha milimita 1.2, mita 20 zina ukinzani wa karibu omu 2. Wanafunzi wataona mwanga ukififia. Wafupishe waya kwa mita tano tano na kuandika wanayoyaona. Kisha waukunje ili ncha mbili ziende sambamba, yaani kuuongeza unene huku wakipunguza urefu. Hapo mwalimu aulize: tumebadili mambo mangapi kwa mara moja? Swali hilo ndilo mlango wa kuingilia katika wazo la jaribio la haki. Mwanafunzi akishatambua kwamba matokeo ya jaribio la mwisho hayaelezi kama sababu ni urefu au unene, amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Kipindi cha pili: sikio bila jicho

Spika iwekwe mbele ya darasa. Nyuma ya blanketi akae msaidizi mmoja na kikuza sauti na nyaya. Waya A ni wa mita 30 wa 0.5, uliotandazwa sakafuni. Waya B ni wa mita 3 wa 2.5. Kitufe cha sauti kiwekwe mahali pamoja na kisiguswe tena. Kwanza wanafunzi wasikilize kipande kilekile cha sekunde 20 mara tatu kwa A na mara tatu kwa B, huku wakiambiwa ni upi.

Halafu jaribio lenyewe lianze. Msaidizi arushe sarafu: kichwa ni A, upande mwingine ni B. Aandike katika karatasi yake, aunganishe waya huo, apige kipande kilekile. Akirudia waya uleule, na aufungue na kuufunga upya, ili muda wa kungoja usiwe dalili. Kila mwanafunzi aandike A au B katika karatasi yake, kimya, bila kutazama ya mwenziwe. Yafanyike hivyo mara 10. Mwalimu naye aketi miongoni mwa wanafunzi na kuandika majibu yake. Asijue sarafu imesema nini.

Kwa kuwa tofauti hapa ni karibu desibeli 2, katika darasa tulivu twatarajia wanafunzi wengi wapate zaidi ya nusu kwa mbali. Upepo ukivuma juu ya mabati, au darasa la jirani likiimba, jaribio liahirishwe.

Kipindi cha tatu: jaribio lilelile, waya mfupi

Utaratibu urudiwe bila kubadili chochote ila nyaya. Sasa A ni mita 3 za waya wa 0.75, na B ni mita 3 za waya wa 2.5. Twatarajia alama zitawanyike kuzunguka 5, kama za mtu anayebahatisha.

Kabla ya kufunga kipindi, mwalimu aweza kuongeza jaribio dogo la jicho. Aonyeshe darasa waya mnene unaong'aa, halafu waya mwembamba uliochakaa, na kila mara msaidizi apige kipande kilekile kwa waya mmoja uleule uliofichwa. Wanafunzi waandike ni mara ipi sauti ilikuwa bora. Wengi huenda wakausifu ule mnene. Ukweli usemwe palepale, kabla mtoto hajatoka mlangoni, ili jaribio libaki funzo na lisigeuke mzaha wa kuwaaibisha.

6. Kusoma matokeo

Hapa ndipo walimu wengi wapya huteleza. Mtu anayebahatisha kati ya A na B mara 10 hupata wastani wa 5, lakini mara nyingine hupata 6 au 7 kwa bahati tu. Njia zote zinazowezekana ni 1,024. Kati ya hizo, ya kupata 10 ni 1, na za kupata 9 ni 10. Kwa hiyo abahatishaye hupata 9 au 10 mara 11 katika 1,024, yaani kama mara moja katika mia.

Hiyo ni nadra kwa mtu mmoja. Darasa la wanafunzi 80, hata hivyo, ni watu themanini wanaobahatisha, na si ajabu mmoja wao akapata 9 bila kusikia tofauti yoyote. Mwalimu asimtangaze kuwa mwenye masikio ya pekee, wala asimkatae. Amwombe arudie mara 10 nyingine. Akipata tena 9, kuna jambo la kuchunguza: labda anasikia kweli, labda kuna dalili inayomfikia, kama msaidizi kukohoa au kitufe kulia. Akipata 5, darasa zima limeona kwa macho yake maana ya bahati. Kwetu sisi, kurudia huko kwa dakika tano ni sehemu yenye faida kuliko zote.

Majaribio ya namna hii yamefanywa pia na wataalamu. Nyaya nene maalumu za spika zilipoanza kuuzwa kwa bei kubwa huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, ubishi uliwagawa wapenzi wa muziki. Agosti 1983 jarida la Stereo Review lilichapisha majaribio ya Laurence Greenhill, ambamo wasikilizaji hawakujua waya uliokuwa ukitumika. Katika muziki hawakuweza kutofautisha waya wa bei kubwa na waya wa kawaida wa taa wenye unene wa kutosha. Waya mwembamba sana ndio ulioweza kutambuliwa, hasa kwa mlio maalumu wa kupimia, na sababu kubwa ilikuwa kupungua kwa sauti. Darasa la Tindiga lenye blanketi na sarafu hutumia njia ileile.

7. Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutangaza jibu kabla ya jaribio. Mtoto akishajua mwalimu anataka nini, sikio lake hufunga na mdomo wake hufungua.

La pili ni majibu ya pamoja. Darasa likiulizwa "Mmesikia tofauti?" na kuitikia "Ndiyoo!", mwalimu hajapata majibu themanini, amepata moja, la yule aliyeanza. Karatasi ya kila mtoto ndiyo ushahidi.

La tatu ni kuchagua wasikilizaji hodari tu, au wavulana tu kwa kudhani kwamba mambo ya umeme ni yao. Msaidizi wa nyuma ya blanketi na awe msichana katika kipindi kimoja na mvulana katika kingine.

La nne, na gumu zaidi, ni mwalimu kuogopa kuketi na wanafunzi. Mwanachuo huona kwamba akipata 4 katika 10 mbele ya watoto, heshima yake imeanguka. Sivyo. Elimu ya Kujitegemea, iliyoandikwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule zijenge akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mtoto hawezi kujifunza kudadisi kwa mtu asiyekubali kudadisiwa. Mwalimu anayesoma alama yake ya 4 kwa sauti ileile anayosomea alama za wengine amefundisha zaidi ya somo la ukinzani.

8. Hitimisho

Darasa lirudi kwenye kura ya siku ya kwanza. Wanafunzi wataona kwamba madai yote mawili yaliandikwa vibaya, kwani hakuna lililotaja umbali wala unene. Swali la "ndiyo au siyo" limegeuka kuwa swali la "kiasi gani, na katika hali gani". Huo ndio msingi wa sayansi yote, na ndio mwanachuo atakaohitaji atakapoulizwa kuhusu mbegu, mbolea au dawa inayosifiwa mnadani.

Kazi ya mwisho na iwe barua fupi kwa kamati ya shule, yenye hesabu na sababu. Kwa sebule, waya wowote wa shaba wa unene wa wastani unatosha. Kwa spika ya uwanjani, ama waya mnene ununuliwe, ama kikuza sauti kisogezwe karibu na spika. Umbali ukipunguzwa kwa nusu, ukinzani hupungua kwa nusu bila kutoa hata shilingi. Barua ya mtoto wa darasa la sita inayookoa fedha za shule ni tathmini bora kuliko maswali kumi ya kuchagua.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Spika ya omu 8 iko mita 50 kutoka ofisini, na waya ni wa shaba wa 1.5. Hesabu ukinzani wa waya na sehemu ya nguvu inayofika kwenye spika. (Utapata karibu omu 1.1, na zaidi kidogo ya robo tatu ya nguvu.)

2. Rudia hesabu hiyo kwa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, ukichukua namba ya aluminiamu tupu. Ungemshauri nini mwenyekiti wa kijiji?

3. Mwanafunzi asema: "Mimi nasikia tofauti, ila nikifichwa waya nababaika." Andika jinsi utakavyomjibu bila kumdharau.

4. Tafuta dai moja linaloaminiwa katika kijiji utakachopangiwa, kisha andaa jaribio la haki la kulipima. Eleza ni jambo gani utabadili, ni mambo gani utayaacha kama yalivyo, na ni nani hatakiwi kujua nini.